Mke Mwenza wa Chuma

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo ndicho kifaa anachoshikia mhunzi chuma cha moto, kile ambacho mkono wa nyama hauthubutu kukigusa. Likivunjika, wazee wetu walisema, mhunzi asizime moto wake na kumwaga makaa. Atafute namna nyingine ya kukishika chuma, maana ufundi haukai ndani ya koleo. Methali hii huwafaa watu waliopoteza kitu kimoja walichokitegemea, wakadhani wamepoteza vyote. Dieudonne wa Katumba, mkoani Katavi, alikuwa mmoja wao.

Dieudonne alizaliwa Katumba muda mfupi baada ya wazazi wake kufika huko wakitokea Burundi, na ndiko alikokulia, akaoa, akapata uraia. Wenzake walipojifunza kulima tumbaku, yeye alijifunza matrekta na malori yaliyoibeba. Alipotimiza miaka hamsini, sifa zake zilikuwa zimeenea kutoka mjini Mpanda hadi vijiji vya Ugalla. Injini ikishindikana, watu walimwita aje aisikilize. Naam, aisikilize, kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuinama, kufumba macho na kutega sikio, kama mkunga anayesikiliza tumbo la mjamzito, kabla hajashika spana yoyote.

Nyuma ya nyumba yake, chini ya banda la bati, palikuwa na gari moja ambalo hakuwa akimtengenezea mtu. Lilikuwa Celica ya miaka ya themanini, gari la michezo lenye milango miwili, limeinama mbele kama duma anayenyemelea. Padri mmoja mzee, aliyependa mwendo kuliko umri wake ulivyomruhusu, alimwachia alipostaafu. Wakati huo injini ilikuwa imekufa na sakafu imeliwa na kutu. Kwa miaka minne Dieudonne alikata kutu, akachomelea bati jipya, akanyoosha milango na kulipaka rangi ya bluu iliyokolea kama sare za kwaya.

Mkewe, Gaudiose, ndiye aliyekuwa akiimba katika kwaya hiyo. Ndiye pia aliyelibatiza gari jina. "Mke mwenzangu ameshindaje leo?" aliuliza kila alipopeleka chai bandani. Kisha alikaa kwenye kigoda, akamshikia mumewe taa, akampitishia spana, mpaka akazoea kuitofautisha kumi na kumi na mbili kwa kuipapasa tu. Alilalamika kwamba mke mwenza huyo anapakwa rangi kila mwaka ilhali yeye hata kitenge kipya hajaona, lakini alilalamika huku akicheka.

Asubuhi moja ya masika, Dieudonne akiwa anafunga gurudumu la trekta, spana ilimponyoka mkono wa kushoto. Aliinama aiokote, asiinuke tena. Kilikuwa kiharusi. Alikaa hospitali wiki tano, akarudi nyumbani na uhai wake, na ulimi wake ukiwa mwepesi kama zamani. Mkono wa kushoto, hata hivyo, ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa, na mguu wa upande huo aliuburuta.

Hakuingia tena bandani. Aliagiza gari lifunikwe turubai, naye akawa anashinda kibarazani na fimbo yake magotini. Wateja walipokuja aliwaelekeza kwa mafundi wengine.

"Kukanyaga klachi siwezi, kubadili gia siwezi, hata nati siwezi kuishika nikaifunga," alimwambia Gaudiose. "Lile gari linataka mtu mwenye mikono miwili. Mimi nimekwisha."

"Uliyekwisha mbona jana umemaliza sahani mbili za ugali?" Gaudiose alimjibu, ila usoni hakuwa na kicheko.

Haikupita muda, mnunuzi wa vyuma chakavu akaingia uani na lori lake. Gaudiose alikuwa akipukuchua mahindi. Aliweka ungo chini, akajifuta mikono, akaenda kusimama mbele ya banda.

"Kaka yangu, umefuata nini?"

"Nimefuata hili gari, mama. Mzee ameniita nije nilikate."

"Mzee amekuita, mimi sijakuita. Huyu ni mke mwenzangu. Katika nyumba hii mke haondolewi bila mwenzake kuulizwa."

Yule mtu alicheka. Alipoona Gaudiose hacheki, alirudi ndani ya lori lake na kuondoka. Dieudonne alikuwa ameyasikia yote kutoka kibarazani.

"Umeniaibisha, mama Joséline," alisema. Joséline alikuwa binti yao, aliyeolewa Tabora.

"Afadhali uaibike leo kuliko ujute mpaka uzeeni," mkewe akamjibu, akarudi kwenye mahindi yake.

Habari hizo zilimfikia Malale, Msukuma aliyekuwa akiuza vipuri vilivyotumika mjini Mpanda. Yeye na Dieudonne walikuwa marafiki wa miaka ishirini, watu wa kutaniana mpaka misibani. Alikuja na pikipiki yake siku ya Jumapili, amebeba mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo kwao ni chakula cha heshima.

"Sikia, kaka," alianza baada ya salamu. "Kule Sibwesa kuna Carina imepinduka ikikwepa ng'ombe. Paa limebonyea kama sufuria, lakini injini ni nzima, na giaboksi ni nzima. Tukibadili vishikio viwili tu, zote zinaingia kwenye Celica yako. Tena giaboksi yenyewe ni otomatiki. Haina klachi. Mguu wa kulia unatosha, mkono wa kulia unatosha."

Dieudonne alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Kwa hiyo unataka kulipa gari langu magongo."

"Nataka litoke hapo lilipo."

"Gari la michezo la otomatiki ni jogoo asiyewika. Nililijenga likimbie, sikulijenga libebe mgonjwa. Nenda na michembe yako, Malale."

Malale hakubishana. Michembe alimkabidhi Gaudiose. "Shemeji, mzigo nitauleta," alimnong'oneza akiwa anawasha pikipiki. "Akiukataa kabisa, nitakuja kuuchukua." Siku tatu baadaye gari dogo la mizigo liliushusha uani, injini na giaboksi zikiwa zimeshikana kama mapacha. Dieudonne aligeuza kiti chake akatazama barabarani.

Wiki mbili zilipita. Hatimaye, alasiri moja, Gaudiose alirudi shambani, akavaa ovaroli la mumewe, akalikunja miguuni mara tatu na kuingia bandani. Alivuta turubai, akafungua boneti, akaanza kuifungua ile injini iliyokufa.

Kutoka kibarazani Dieudonne alisikia spana ikiuma, kisha ikiteleza. Ikauma tena, ikateleza tena. Sauti ile ilimchoma kama mwiba wa samaki kooni. Alivumilia, akavumilia, akashindwa.

"Mama Joséline, hiyo siyo kumi na mbili. Weka kumi na nne. Na uweke ya pete, siyo ya mdomo. Ya mdomo itaimaliza kichwa hiyo bolti."

Spana ikateleza mara ya tatu.

"Unazungushia wapi?"

"Kulia."

"Huko ni kukaza."

"Mimi nitajuaje," Gaudiose alisema bila kupaza sauti, "na anayejua amekaa kibarazani?"

Spana ilipoteleza mara ya nne, Dieudonne aliishika fimbo yake akainuka. Hatua zile ishirini zilimchukua muda mrefu. Alipofika alimkuta mkewe amejaa grisi hadi kwenye viwiko, na kifundo cha kidole kimoja kinavuja damu.

"Umeumia," alisema.

"Ego," Gaudiose alikubali kwa Kirundi chao cha nyumbani, asiache kazi.

Dieudonne alisimama akimtazama. Kwa muda mrefu alikuwa ameuhesabu mkono wake uliokufa, na hakuwa ameihesabu mikono hii miwili iliyomshikia taa miaka minne.

"Nilidhani unataka kunifariji tu," alisema.

"Nataka kupanda gari. Miaka yote hii namtunza mke mwenzangu, hajanipeleka hata sokoni."

"Nipe kile kigoda," Dieudonne akasema. "Na hiyo damu kaioshe kwanza. Bolti haikimbii."

Ndivyo kazi ilivyoanza upya, na iliendelea kiangazi chote. Dieudonne alikaa kwenye kigoda akielekeza, Gaudiose akifungua na kufunga, na kila Jumapili baada ya ibada Malale alikuja na mnyororo wake wa kuinulia injini. Hawakukosa kugombana. Siku nyingine Gaudiose alitupa spana akaenda kupika, kwa sababu mwalimu wake alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Mwalimu alimfuata jikoni akichechemea, akasimama mlangoni mpaka mpishi akacheka na kurudi.

Kidogo kidogo mkono wa kulia wa Dieudonne nao uligundua kwamba hakuna aliyeuachisha kazi. Alibana kipande cha mninga kwenye jiliwa la mezani, akakipiga tupa siku nne kwa mkono huo mmoja, kikawa kitufe laini cha duara. Alikifunga kwenye usukani ili aweze kuuzungusha bila kuhitaji mkono wa pili. Magurudumu ya nyuma waliyawekea springi ngumu zaidi, na mfumo mzima wa breki wakaufanya upya. Gaudiose alishona viti kwa cherehani yake mwenyewe.

Mwezi wa tisa, vumbi likiwa limetanda kila mahali, walifunga bolti ya mwisho. Majirani walijaa uani. Malale aliketi kwenye usukani, akageuza ufunguo, injini ikakohoa mara moja kisha ikawaka. Watu walipiga makofi. Aliingiza gia ya kwenda mbele na kukanyaga mafuta. Injini ilinguruma, lakini gari halikusogea hata inchi moja. Akajaribu gia ya kurudi nyuma. Halikusogea. Baada ya robo saa majirani walianza kuaga mmoja mmoja, wakiwa na ule upole wa watu wanaotoka msibani.

Malale alizima, akatoka na kusimama mbele ya rafiki yake. "Giaboksi imekufa, kaka. Nimekuletea maiti mkaihangaikia miezi minne. Nisamehe."

Gaudiose alikaa chini pale pale, juu ya tairi la zamani. Alimtazama mumewe akiogopa kwamba fimbo ile itageuka na kurudi kibarazani, na kwamba safari hii haitatoka tena.

Dieudonne hakwenda kibarazani. Aliinama kando ya boneti, akafumba macho.

"Washa," alisema. Malale akawasha. "Weka gia ya mbele. Toa. Weka tena." Alitega sikio kwa muda. "Haijafa. Gia ikiingia, injini hushusha sauti kidogo, kama mtu aliyetwishwa mzigo kichwani. Hii haijatwishwa kitu. Giaboksi haijapata habari kwamba imeitwa. Zima, kisha mnilaze chini."

"Baba Joséline, utainukaje?" Gaudiose aliuliza.

"Nyie wawili mtaniinua."

Waliliinua gari na kulikalisha juu ya magogo imara, wakatandika gunia, wakamlaza. Alijisukuma kwa mguu wake mzima mpaka akaingia chini ya gari. Hakuwa amelala hapo tangu augue. Mkono wa kulia ulipapasa juu, ukapita kwenye bomba, ukapita kwenye mabano, ukafika kwenye kebo inayotoka kwenye mkono wa gia. Ilikuwa imelegea. Kule juu mkono wa gia ulisoma gia ya mbele, huku chini giaboksi ingali imelala. Kebo ya Carina ilikuwa imezidi kidogo urefu, unene wa kidole kimoja tu.

"Njoo, mama Joséline. Lete na kumi."

Gaudiose alijilaza kando yake. Yeye alivuta kebo, mumewe akaishika nati kwa spana.

"Vuta. Zaidi. Rudisha kidogo. Hapo hapo." Nati ilikaza. Halafu Gaudiose alisikia kitu ambacho hakuwa amekisikia tangu masika. Mumewe alikuwa anacheka, kicheko cha chini chini, cha mtu aliyeokota kitu chake. Gaudiose hakutoka haraka chini ya gari. Alijipangusa macho kwanza kwa kiwiko, maana viganja vyake vilikuwa vyeusi tii.

Walipolishusha na kuwasha tena, injini ilishusha sauti, ikatwishwa mzigo wake, na Celica ikatambaa mbele taratibu mpaka ikatoka bandani.

Hospitalini daktari alimpima Dieudonne macho, nguvu na wepesi wa mguu wa kulia. Alimtaka arudi mara tatu, na mara ya tatu akamruhusu kuendesha gari la otomatiki. Dieudonne alifanya mazoezi wiki nzima kwenye uwanja wa mpira. Jumamosi iliyofuata alimfungulia mkewe mlango, wakashika njia ya Mpanda. Mkono wa kulia ulikamata kile kitufe cha mninga, gari likaitika kama ndama anayejua jina lake. Walipoingia kwenye barabara nzuri, aliongeza mwendo.

"Baba Joséline, polepole," Gaudiose alisema, akishika mlango.

"Bolti hukuziogopa, unaogopa upepo?"

Gaudiose alishusha kioo, akauacha upepo uchezee kilemba chake, akaanza kuimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Dieudonne, ambaye sauti yake haikuwahi kuwa nzuri, akaitikia ya kwanza.

Mjini waliegesha mbele ya duka la Malale. Malale alilizunguka gari mara mbili, akapitisha kiganja juu ya boneti, asiweze kupata utani wa kutania. Mwishowe alikohoa. "Kaka, hapo nyuma kuna lori limewashinda mafundi watatu. Njoo ulisikilize."

Dieudonne alimtazama mkewe. Gaudiose alikuwa ameshafungua buti na kutoa sanduku la spana. Wakaongozana kuelekea nyuma ya duka, yeye na fimbo yake, mkewe na sanduku, na kabla hawajalifikia lile lori Dieudonne alikuwa ameshaanza kufumba macho. Mkono wa kushoto haukupona, wala hautapona, lakini watu wa Katumba wakimpita njiani husema bila kusita: kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.