Upinde Haujashiba

Ndugu zangu, leo sikuja kuwabembeleza. Nimekuja nimekasirika, na mkiona sauti inapanda msiniletee maji ya kunywa. Nisikilizeni tu.

Palikuwa na mwindaji mmoja katika kijiji kilichokuwa kikimalizwa na nguruwe pori. Muhogo umefukuliwa, mahindi yamelazwa chini, watoto wanalalia uji mtupu. Upinde wa mwindaji yule ulikuwa umepasuka. Wanakijiji wakamwambia, "Katafute mwingine, utuondolee balaa hili." Akaenda kwa mchonga pinde.

Mchonga pinde alikuwa mtu mkavu, hana maneno ya sokoni. Pinde zake zilikuwa zimeegemezwa ukutani, nene kwa nyembamba, wala hakumsifia mtu upinde hata mmoja. Alisema hivi: "Funga macho. Vuta ugwe mpaka sikioni, kisha tulia hapo hapo. Ukiona unapumua kama mtu aliyekaa nyumbani kwake, huo ni wako. Ukiona umebana pumzi, rudisha."

Mwindaji akafumba macho. Akajaribu mmoja, ukamkataa begani. Akajaribu mwingine, kiganja kikalalamika. Kisha mkono wake ukaangukia upinde mwembamba wa mti wa mkole, hauna urembo wowote. Akauvuta. Ugwe ukafika sikioni bila ugomvi, vidole havikutetemeka, pumzi ikaingia na kutoka. Akajua, huu hapa. Hakuhitaji mtu wa kumwambia, maana mwili wake ulishamwambia.

Akafumbua macho. Na balaa lilianzia hapo, kwenye kufumbua macho! Vijana walikuwa wamejazana pale uani. Mmoja akasema, "Kaka, huo si wa kuwindia kwale?" Wakaangua kicheko. Mnacheka na nyinyi? Haya, chekeni.

Pembeni palikuwa na upinde mmoja mnene, mahali pa kushikia pamevishwa ngozi ya chatu. Mwindaji akauchukua huo. Akavuta, mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakamtoka. Ugwe ukafika kidevuni, ukagoma. Vijana wakapiga makofi, wakamvika kilemba cha ukoka: "Dume hilo! Wanaume wachache!"

"Sikioni haujafika," mchonga pinde akasema.

"Utafika," mwindaji akajibu, akaubeba akaenda nao.

Ulifika? Kila alfajiri alijificha nyuma ya zizi la mbuzi akauvuta. Kidevuni. Kesho yake, kidevuni. Bega likavimba, mkewe akamkanda kwa maji ya moto, akamwambia mkewe eti alikuwa anapasua kuni. Angeweza kuurudisha, jamani! Njia ilikuwa ile ile, na mchonga pinde hakuhama. Ila ilibidi apite mbele ya wale vijana, na hilo akaliona zito kuliko nguruwe.

Sasa, mkewe alikuwa na kaka, mtu wa mkuki. Huyu shemeji ndiye aliyefurahi kuliko wote. Kila alipopita alisema, "Mmeuona upinde wa shemeji yangu? Ule hauvutwi na kila mtu." Alimpenda, ndugu zangu. Alimwamini mpaka akawa anajisifia nguvu zisizo zake.

Wawindaji wa kule huenda wawili wawili. Wa mkuki hutangulia kumtoa mnyama kichakani, na wa upinde husimama nyuma yake. Wa mbele hageuki, maana huwezi kumpa nguruwe kisogo. Basi huuliza tu: "Umeshiba?" Yaani, upinde umevutwa hadi mwisho, na unaweza kuushikilia? Wa nyuma akijibu, "Umeshiba," wa mbele huanza kazi. Akijibu, "Haujashiba," wote wawili hurudi kinyumenyume, polepole, na ni mwiko kumcheka. Wazee wao waliliweka neno hilo makusudi ili mtu aweze kusema hajaweza, asidhalilike.

Asubuhi moja dume la nguruwe likaonekana kwenye kichaka ukingoni mwa shamba. Kijiji kizima kikasimama mbali kutazama. Shemeji akatangulia, akafika karibu, akauliza bila kugeuka:

"Shemeji, umeshiba?"

Mwindaji akavuta. Kidevuni. Akainua macho, akawaona wale vijana wamepanda juu ya kichuguu ili waone vizuri.

"Umeshiba," akasema.

Shemeji akaurusha mkuki wake kichakani, akabaki mikono mitupu, kama afanyavyo mtu anayejua nyuma yake kuna mwenzake. Nguruwe akatoka. Mshale nao ukatoka, umechoka, ukamparuza ubavuni ukaangukia majanini. Nguruwe hakuujali hata kidogo. Akampasua yule ndugu paja hadi mfupani, akapita, akageuka, akamrudia.

Hakufa. Ila mguu ulikatwa. Mwindaji akaenda kumtazama, analia, anasema, "Shemeji, nisamehe, nilimkosa."

Shemeji akauliza, "Ulimkosa, au haukushiba?"

Mwindaji akasema, "Haukushiba."

"Ulijua lini?"

"Tangu siku ile kwa mchonga pinde."

Yule mgonjwa akageuzia uso ukutani. "Nenda kamwambie dada yangu," akasema. "Nenda na mdomo huo huo."

Mmewakasirikia wale vijana, sivyo? Nimewaona mlivyokunja nyuso. Waacheni vijana! Walicheka, wana dhambi yao, lakini hawakuulizwa swali. Aliyeulizwa alikuwa mmoja, na jibu alikuwa nalo begani, limevimba.

Na sisi je? Sisi tunaosimama hapa mbele tukapigiwa makofi? Tulipouliza nani atatembelea wagonjwa, mikono ilijaa humu ndani mpaka nikashindwa kuhesabu. Basi kuna mama mmoja ng'ambo ya mto, amelala kitandani tangu mvua zianze. Kila anayepita, yeye humwambia, "Asante, baba, atakuja mtu, kanisa limeniahidi." Anawakataza majirani wasihangaike! Amewarudisha watu waliotaka kumpikia, kwa sababu yetu sisi. Jana nimemkuta peke yake, hajala, mdomo umekauka, na bado anatutetea. Hasira yangu yote inatoka pale kitandani.

Kushindwa si dhambi, ndugu zangu. Mungu aliyekupa bega analijua bega lako. Mtu angesema "siwezi" mapema, mama yule angepikiwa na jirani. Aliyesema "nitakwenda" amemnyima hata huyo jirani.

Kwa hiyo leo hatuendelei na wimbo. Kwaya, kaeni. Yeyote aliyepokea kazi ya mtu humu ndani na anajua haiwezi, asimame aseme "siwezi," ili tumpe mwingine kabla ya jua la leo kuzama. Hakuna atakayemcheka, nami nitakuwa mkali kwa atakayecheka.

Sitasema amina kwanza. Nimesimama hapa, nangoja.