Shubiri Kumi Huku, Shubiri Kumi Huku

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nani?"

"Na mwenye mama ng'ambo ya korongo!"

Basi huyo alikuwa Pimbi. Mafuriko yalibeba daraja, mama yake akabaki kule na wazee wenzake, mgonjwa. Pimbi akalia weee, kisha akafuta machozi akaunda ndege. Mianzi, turubai, injini ya kinu kibovu. Akafunga, akakaza, kwi-kwi-kwi. Akafunga, akakaza, kwi-kwi-kwi. Kikabaki kitu kimoja tu, kuweka mabawa sawa.

Ndipo Fisi akaja, mate yanamdondoka. Akasema ndege ni yake, na atakayebisha ataliwa. Pimbi akamuuliza anakwenda wapi.

"Ng'ambo," akasema Fisi. "Nasikia kuna pimbi wazee, hata kukimbia hawawezi. Funga mabawa."

Pimbi akayatazama mabawa. Akiyafunga vizuri, mama ataliwa. Akiyafunga vibaya, hatamwona tena, maana injini nyingine hana. Akafikiri, akaumia, kisha akainamisha kichwa.

"Mjomba, bawa hupimwa kwa shubiri, toka mkia wa ndege hadi ncha ya bawa. Mimi nipime la kulia, wewe pima la kushoto, usije ukasema nimekudhulumu."

Fisi akavimba kichwa. Pimbi akapima kwa kiganja chake kidogo, moja, mbili, mpaka kumi. Akafunga, akakaza, kwi-kwi-kwi. Fisi akapima kwa kiganja chake kipana, moja, mbili, mpaka kumi. Pimbi akafunga, akakaza, kwi-kwi-kwi, machozi yakilowesha spana.

"Mbona hili langu limetangulia mbele?" akauliza Fisi.

"Shubiri kumi huku, shubiri kumi huku. Umehesabu mwenyewe, mjomba."

Fisi akaona haya kubishana na mkono wake. Akapanda. Tuk-tuk-tuk! Ndege ikaruka, ikapinda, ikazunguka, ikatumbukia korongoni, puu! Fisi kwaheri, ndege kwaheri.

Pimbi akakaa ukingoni. Sauti ilivuka, miguu haikuvuka. Mama akaita, akauliza atafika lini.

"Niko njiani, mama," akajibu.

Siku tatu mama aliita, siku tatu Pimbi alijibu hivyo hivyo. Siku ya nne mama hakuita.

Ngano yangu naitua hapa, aliyechoka alale, mwenye mama akamsalimie. Na funzo lake, watoto, ni hili: nunueni futi ya fundi. Kupima kwa shubiri kunaleta ajali.