Shikamoo Iliyovuka Daraja

Hapo zamani, watu walipokuwa wakipigana kwa mikuki na kupatana kwa pilau, kulikuwa na masultani wawili waliotenganishwa na mto mmoja. Upande wa huku, katika mji wa Kitumbwe, alitawala Sultani Haidari. Upande wa kule, katika mji wa Bungalani, alitawala Sultani Nasibu. Walikuwa wakipigania kilima cha mawe matupu, ambacho hata mbuzi akipandishwa hushuka mwenyewe kwa njaa. Kwa ajili ya kilima hicho vijana walikufa, na daraja la mtoni likafungwa, asivuke mtu wala kuku.

Basi pale Kitumbwe alikuwako fukara mmoja, jina lake Vuai, mtu wa maneno mengi na kanzu moja. Watu walimwita mjinga kwa sababu aliuliza mambo ambayo wao waliona haya kuyauliza. Vuai alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, binti yake Mize, aliyeolewa Bungalani kabla ya vita. Mize alijifungua daraja likiwa limefungwa, na habari zikamfikia baba yake kwa kupigiwa kelele kutoka ukingo wa pili: "Ni mvulanaaa!" Tangu siku hiyo Vuai akawa hali akashiba. Alitaka kumpakata mjukuu wake, basi, hakutaka jingine.

Ikawa masultani wakachoka, au labda mikuki iliwaishia, wakakubaliana wakutane wafanye suluhu. Mawaziri wakahangaika kweli kweli. Hema likapigwa katikati ya daraja lenyewe, nalo likatiwa milango miwili, ili asiwepo wa kutangulia kuingia. Mito ya kukalia ikapimwa kwa uzi isije ikazidiana unene. Mpishi wa huku akaonja pilau ya kule, na wa kule akaonja ya huku. Kila kitu wakakikumbuka isipokuwa salamu.

Maana Sultani Haidari alimzidi mwenzake umri, na kiti cha Sultani Nasibu kilikuwa cha kale zaidi. Basi kila mmoja alijiona ndiye mkubwa, na kila mmoja akaingia hemani huku marahaba yake iko tayari mdomoni, akingoja kuamkiwa.

Wakaketi. Wakatazamana. Haidari akangoja, Nasibu akangoja. Waziri wa Kitumbwe akakohoa, waziri wa Bungalani naye akakohoa asije akashindwa. Pilau ikapoa, inzi wakashuka, na masultani wakazidi kutazamana kama majogoo waliofungwa kamba. Jua lilipopinduka Haidari akamgeukia waziri wake, akanena, "Twendeni zetu, hapa hapana mtu mwenye adabu." Nasibu naye akamwambia wake maneno yayo hayo, na kila mmoja akatokea mlango wake.

Jioni mpiga mbiu akapita mitaani. "Enyi watu wa Kitumbwe! Mazungumzo ya masultani yamekwenda vyema sana! Wameelewana kwa mengi! Na daraja litaendelea kufungwa!"

Vuai, aliyeshinda kutwa penye mguu wa daraja akingoja kuvuka, akauliza kwa sauti, "Ndugu yangu, ni neno gani lililozungumzwa? Mimi nilikuwa pale nimetega masikio, nami sikusikia ila inzi."

Watu wakaangua kicheko, na Vuai akakamatwa papo hapo, akafikishwa barazani.

"Ewe Vuai," Sultani Haidari akasema, "wewe ndiwe unayewachekesha watu juu yangu?"

"La, Maulana. Mimi niliuliza tu. Waliocheka ni wao."

"Vema. Wasema hukusikia neno, basi wewe ndiwe utakayekwenda kulileta. Nenda Bungalani uniletee shikamoo ya Nasibu, aitoe kwa kinywa chake mbele ya baraza lake. Ukiileta nitalifungua daraja, kwani mkubwa akishaamkiwa hana budi kumsamehe mdogo wake. Usipoileta, kichwa chako kitatundikwa hapa mlangoni."

Vuai aliogopa, tusidanganyane. Lakini alipofikiri kwamba njia ya kwenda kukatwa kichwa ndiyo njia ya kwenda kwa Mize, akili ikamrudia. Akapiga magoti.

"Maulana, mimi ni mjinga kama ujuavyo. Naogopa nisije nikakuletea shikamoo isiyo yenyewe, ya puani ama ya mnong'ono. Waitaka iwe ya namna gani?"

"Iwe ya sauti!"

"Sauti kiasi gani, Maulana?"

Sultani akaishiwa na subira. Akasimama, akajaza kifua pumzi, akanguruma, "SHIKAMOO!" hata njiwa wa darini wakaruka.

Marahaba ikamfika Vuai kwenye meno, akaimeza kwa shida. "Nimeisikia, Maulana," akasema, "na baraza lote limeisikia." Akainuka, akaenda zake.

Akavuka daraja akipeperusha kitambaa cheupe, na askari wa Bungalani wakampokea kwa ncha za mikuki. Wakampitisha mbele ya mtaa alikoolewa Mize. Akasikia mtoto akilia ndani ya nyumba, asijue kama ndiye au siye, akawaomba, "Jamani, niacheni nichungulie tu." Askari wakamjibu, "Mjumbe hana jamaa. Tembea." Akatembea, huku akijifuta macho kwa mkono wa kanzu.

Alipofikishwa mbele ya Sultani Nasibu akasema, "Maulana, natoka kwa Sultani Haidari. Nimemwacha barazani mwake, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, akasema shikamoo. Baraza lote limemsikia. Kama nasema uongo, na nikatwe ulimi."

Nasibu akameremeta kwa furaha, na kwa kuwa shikamoo hutumwa kwa mdomo wa mtu na ikaitikiwa kwa huyo huyo aliyeileta, akaitikia, "Marahaba! Marahaba sana! Aliisema vipi huyo mzee? Iga niione."

"Maulana, mimi na koo hili la fukara nitaigaje sauti ya sultani? Sauti hiyo haiwezi ila sultani mwenzake."

Na hapo ndipo Vuai alipokuwa amepataka. Nasibu alipenda mno kumwiga Haidari ili awachekeshe watu wake. Akainuka, akalitoa tumbo mbele, akavuta uso, akanguruma, "SHIKAMOO!"

Baraza likacheka hata watu wakashikana mabega. Vuai akawatazama mmoja mmoja, ili awakumbuke mashahidi wake, akaaga kwa adabu.

Aliporudi Kitumbwe akasema maneno yale yale: nimemwacha Nasibu barazani, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, akasema shikamoo. "Marahaba!" akaitikia Haidari, na machozi ya fahari yakamlenga. Kila sultani akaona aibu kuendelea kugombana na mdogo wake aliyekwisha kumwamkia. Daraja likafunguliwa pande zote mbili, na kilima kikaachiwa mbuzi wasiokitaka.

Ngoma za kutangaza hazijanyamaza Vuai alikuwa keshavuka. Akampakata mjukuu wake, na mtoto akamkojolea kanzu yake ile moja, naye hakumtoa mapajani. Alilia kwa furaha mbele ya mkwewe bila kujificha.

Lakini watu wakivuka husemezana. Wa huku wakasema, sultani wenu amemwamkia wetu. Wa kule wakasema, wenu ndiye aliyemwamkia wetu. Maneno yakamfikia Haidari, na Vuai akaitwa upesi. Akakuta mawaziri wanapima mito kwa uzi, na askari wamekwisha kutumwa kulifunga daraja. Moyo ukamshuka.

"Mwongo mkubwa we!" Sultani akapaza sauti.

"Uongo sikusema, Maulana. Ulinituma nilete neno la kinywani mwake, nikalileta. Kwamba alikuwa akimwambia nani, hilo hukunituma kuuliza."

"Hilo nitamwuliza mwenyewe! Hema linapigwa! Nitaketi naye uso kwa uso, anieleze nani amemwamkia nani!"

"Vema, Maulana," Vuai akasema taratibu. "Ila mkisha kuketi, mmoja wenu itambidi aanze kuuliza. Na yule atakayeanza kusema, watu watasema ndiye aliyemwamkia mwenzake."

Sultani Haidari akafungua kinywa, akakifunga. Akajiona tena juu ya mto ule wa kukalia, pilau inapoa, inzi wanamtembea puani, na Nasibu anamkodolea macho mpaka magharibi. Akamtazama waziri aliyeshika uzi. Mashavu yakamtetemeka, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Ewe mlaanifu," akasema akijifuta macho, "umetuziba midomo sote wawili! Haya, omba utakacho."

"Naomba msikutane, Maulana. Wewe kaa huku uwe mkubwa, naye akae kule awe mkubwa, nasi wadogo tupite katikati."

Sultani akalitafakari ombi hilo, akaona halimpunguzii kitu, akaamuru liwe; na Nasibu alipopelekewa neno hilo, naye akaliridhia. Jioni mpiga mbiu akatangaza kwa uso wa msiba, kama desturi ya kazi yake, kwamba mkutano wa masultani umevunjika na hautafanyika kamwe. Kando zote mbili za mto watu wakapiga vigelegele, wakachinja, wakakesha wakicheza. Vuai hakungoja pilau. Alipita katikati yao akielekea darajani, kwa kuwa Mize alikuwa na nguo za kufua, na mtoto hakuwa na wa kumshika.