Blanketi Chini ya Bati

Mkono mmoja waweza kumbeba mtoto, lakini ukishambeba haubaki wa kumfutia jasho. Wahenga hawakuudharau mkono mmoja. Waliuonea huruma tu.

Farzana, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Mirongo, mtaa wa mjini karibu na ziwa, hakutaka huruma ya mtu. Chuo kilimteua kuwa mwelimishaji rika, awafundishe wenzake jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyougusa mwili wa binadamu. Ijumaa alisimama mbele yao na picha za barafu inayoyeyuka huko ncha ya dunia. Malimi, kijana wa Magu mwenye ulimi mkali kama wembe mpya, akanyoosha mkono.

"Dada Farzana, barafu tunayoijua sisi ni ile ya ukwaju, ya shilingi mia. Na hiyo haiyeyuki, inanyonywa!"

Darasa likaangua kicheko. Farzana akakusanya vitu vyake, machozi yakimlengalenga. Akajiapiza kwamba kazi hiyo ataifanya peke yake, na kwa Malimi hataomba hata kalamu.

Jumatatu yeye na Malimi walipangwa wodi moja ya wazazi kwa mafunzo ya vitendo. Wodi ile ilikuwa ya bati tupu, bila dari. Zamani nyuma yake ilisimama mikuyu miwili. Ikakatwa ili magari ya wakubwa yapate maegesho. Magari yakapata nafasi, wazazi wakapata tanuri. Waliokata wamesahau. Bati halijasahau.

Humo alilazwa Tereza, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza juzi yake. Asubuhi Farzana alimfunika mtoto huyo blanketi juu ya vitenge viwili, kama alivyofundishwa: mtoto mchanga asipigwe baridi. Bibi wa mtoto, mzaa baba, akamsifu. Ilipofika saa nane mchana, mtoto alikuwa halii tena. Midomo imemkauka, titi analikataa, mwili unafukuta kama chungu cha uji. Kipimajoto kilisoma thelathini na nane na nusu.

Farzana akaganda. Ijumaa alihubiri habari za joto. Jumatatu amelifungia ndani ya blanketi kwa mikono yake mwenyewe.

"Daktari yuko chumba cha upasuaji, nimeshamwita," alisema Sista Rebeka, muuguzi wa zamu. "Mpunguzeni nguo, mpelekeni barazani, anyonye. Baada ya nusu saa tunapima tena."

Farzana aliponyoosha mkono, bibi alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu.

"Acha! Upepo wa ziwa utaniulia mtoto!"

"Bibi, mabadiliko ya tabianchi yameongeza..."

Bibi akaongeza khanga juu ya blanketi.

Malimi alikuwa mlangoni na beseni. Kiburi cha Ijumaa kilikuwa bado kinamchoma Farzana kama mwiba wa samaki. Akakimeza.

"Malimi, nisaidie. Bibi hanielewi."

Safari hii Malimi hakutania. Alitua beseni, akapiga magoti, akamwamkia bibi kwa Kisukuma.

"Bibi, baba wa mtoto huyu ulimzalia wapi?"

"Nyumbani. Nyumba ya nyasi."

"Ndani palikuwaje?"

"Baridi, mjukuu wangu. Tulikoka moto."

"Na hapa?"

Bibi akainua macho kwenye bati. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Kisha mikono yake yenyewe ikaanza kufungua khanga.

Barazani, Tereza alimpakata mwanawe. Malimi alipepea kwa kadi ya kliniki. Farzana aliifuta ile shingo ndogo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Bibi alimlowesha mtoto midomo kwa tone la maziwa ya mama yake. Nusu saa ikatimia: thelathini na saba na kidogo. Mtoto akaling'ang'ania titi kama mtu anayedai haki yake. Daktari alipofika, alimchunguza, akaagiza aendelee kuangaliwa papo hapo barazani.

"Nisamehe ya Ijumaa," Malimi alinong'ona. "Ile barafu ilikuwa mbali mno."

"Ilikuwa mbali kweli. Safari hii tufundishe pamoja. Tuanzie kwenye bati."

"Basi barafu naleta mimi. Ya ukwaju."

Ijumaa iliyofuata bibi ndiye aliyesimama mbele ya darasa, akasimulia habari ya blanketi, wanafunzi wakinyonya barafu na kuandika. Kisha wote wakatia saini barua ya kudai dari na miche ya mikuyu. Bibi, asiyejua kalamu, akaweka dole gumba juu kabisa, huku mkono wa pili ukimshika mjukuu wake. Na Farzana akiwa amemshikia karatasi, akajua hapo kwa nini mkono mmoja haulei mwana.