Rangi ya Shekiondo

"Rangi haipitishi umeme." Jana washenga walipozidi kumsifu kijana wao kwa suti na viatu, shangazi yenu aliwajibu hivyo, nanyi mmeniuliza maneno haya yalitoka wapi. Yalitoka hapa hapa Kwembago, wajukuu zangu, kwenye gari la Shekiondo.

Lilikuwa gari kuukuu, lakini kijiji hakikuwa na jingine. Mgonjwa alipozidiwa, ndilo lililomshusha mlimani hadi hospitali. Shekiondo alipokaribia kumwoza binti yake, alilifungia uani kama mwali, asilione mtu, akalipaka rangi ya kijani nje na ndani, hata chini ya boneti. Waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ya gari aliufungua, akapaka pale palipokuwa na kutu, kisha akaufunga juu ya rangi. Harusini gari lilifika kwa kusukumwa. Watu wakacheka wakasema ni maringo ya mwali.

Tangu hapo likaingiwa na wazimu. Ukikanyaga breki, indiketa zinawaka. Ukipiga honi, taa zinafifia. Ukizungusha ufunguo, stata inagonga, kisha kimya. Shekiondo alinunua betri mpya, mambo yakawa yale yale. Akamwita Hizza, fundi umeme wa magari kutoka mjini. Hizza alibadili stata, akafuata waya mmoja mmoja, akakata tamaa, akaanza upya. Mwishowe alichukua waya wake mwenyewe, akaunganisha betri na injini moja kwa moja. Gari likanguruma.

"Nimekupata, mwanaharamu!" Hizza akaliambia gari. Kisha akamgeukia mwenye gari. "Mzee, umeme unatoka lakini hauna njia ya kurudi. Umeiziba kwa rangi. Nipe kisu nikwangue hapa."

"Unikwangulie gari? Kesho Idi, wakwe wanakuja!"

"Basi nikuachie huu waya."

"Uning'inie kama utumbo wa mbuzi? Idi ikipita, utakwangua."

"Mzee, gari si bibi harusi."

"Na wewe si mkwe wangu. Nenda."

Hizza akakunja waya wake, akaondoka.

Alfajiri ya Idi, Sikudhani, mke wa Shekiondo, aliyekuwa mjamzito, akaanza kutokwa damu. Wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa wifi yake, Mishi. Shekiondo akazungusha ufunguo. Ko! Kimya. Wanaume wakasukuma, lakini kutoka uani ni kupanda, na mvua ilikuwa imenyesha. Magurudumu yakazama kwenye matope.

Shekiondo akakimbilia jikoni, akarudi na kisu. Akafungua ule waya, akakwangua rangi, akajikata vidole, akaendelea kukwangua mpaka chuma kikawa cheupe. Akaufunga. Akarukia usukani. Gari likawaka papo hapo.

"Twende!" akapiga kelele.

"Zima, kaka," akasema Mishi.

"Limewaka, Mishi! Shikilia, twende!"

"Zima gari. Hatuna tena wa kumpeleka."

Hakulizima. Liliunguruma pale pale mpaka mafuta yakaisha, na hakuna aliyethubutu kugusa ufunguo.

Wakwe walifika na nguo zao za Idi, hawajapata habari. Mmoja wao akapapasa ubavu wa gari. "Mashaallah, mkwe," akasema. "Rangi hii!"

Shekiondo hakuinua uso.

"Rangi haipitishi umeme," akasema.