Jina la Binti wa Wakesho

Hapo zamani, zamani ya karibu tu, kulikuwa na mwanamke katika milima ya Taita, jina lake Wakesho. Kila alipoambiwa akapimwe saratani ya mlango wa kizazi, alikataa. "Nivue nguo nilale mbele ya mtu? Sitaki!"

Mghoi, mhudumu wa afya wa kijiji, akapanda mlima hadi kwake. Akafukuzwa. Akapanda tena. Akafukuzwa. Mara ya tatu akaja na vijiti vyenye pamba. "Dada, hakuna atakayekutazama. Unaingiza kijiti ukeni mwenyewe, chumbani kwako, mimi nakipeleka maabara. Wanatafuta virusi vinavyoleta saratani hiyo."

Wakesho akakitazama kijiti kama anayetazama nyoka. Wifi yake Mkamburi, aliyekuwa akimenya viazi, akanawa mikono, akatwaa kimoja, akaingia chumbani. Chai haijachemka, ametoka. "Wifi, ni hivi tu. Hakiumi. Ingia."

Wakesho akaingia.

Majibu yakaja: Mkamburi hana virusi, Wakesho anavyo. Akalia siku mbili, akaapa hospitali haendi. Mumewe, Mwakio, fundi viatu, akafunga kibanda chake. "Mama yangu alificha ugonjwa huu mpaka ukamuua. Wewe sikuachi. Twende."

Wakateremka wameshikana mikono. Watu wakamcheka mwanamume aliyekaa foleni ya kina mama, hakusogea. Daktari akakuta sehemu iliyoanza kuharibika, haijawa saratani. Akaitibu. Wakesho akapona, na mwaka wa pili akajifungua mtoto wa kike.

Sasa ikaja kazi ya kumpa jina.

"Apewe langu," akasema Mghoi. "Nilifukuzwa mara mbili, nikarudi. Nisingerudi, kijiti kingetoka wapi?"

"Kilikuja, lakini kingerudi na wewe!" akasema Mkamburi. "Nani aliingia kwanza? Apewe langu."

Mwakio akasema polepole, "Kijiti kilisema kuna hatari, lakini hakikumfikisha kwa daktari. Apewe jina la mama yangu, Mkawasi, aliyekosa mtu wa kumshika mkono."

Wakesho akawatazama wote watatu, machozi yakimlenga. "Mtoto ni mmoja," akasema, "na nyote mmenipa."

Haya, ninyi mnaonisikiliza, amueni. Yuko Mghoi aliyerudi, yuko Mkamburi aliyetangulia, yuko Mwakio aliyeshika mkono. Je, binti huyu aitwe nani?