Chemchemi ya Lukande na Kivuko cha Msima

Kaeni kidogo mnisikilize, hii si ndefu. Ukiimaliza, mpelekee yule ndugu yako ambaye hamsemeshani. Usiniulize nimejuaje kama unaye.

Palikuwa na mfalme, na nchi yake ilikuwa na miji miwili mikubwa. Mmoja uliitwa Lukande, uko mlimani, una chemchemi isiyokauka hata kiangazi. Mwingine Msima, uko bondeni mtoni, una kivuko. Ufuta wote wa nchi ile ulipita kwenye kivuko hicho kwenda kuuzwa. Kutoka mji mmoja mpaka wa pili ni mwendo wa nusu saa, tena na mzigo kichwani.

Watu wa miji hii walikuwa watani toka enzi za mababu zao. Mtu akifa Lukande, wenyewe hawashiki jembe. Kaburi wanachimba watani kutoka Msima. Wanawake wa Msima nao wanavaa nguo za marehemu, wanaigiza alivyotembea na alivyogomba, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao usoni. Akifa mtu wa Msima, Lukande nao wanakwenda kufanya vivyo hivyo. Na neno la mtani msibani halina kesi, hata likuchome vipi.

Siku moja mfalme akatangaza. Kuna tajiri anakuja kujenga kiwanda cha kukamua mafuta ya ufuta. Mji utakaompata, huo utapelekewa barabara, soko kubwa na hospitali. Ule mwingine usubiri.

Sasa hebu angalieni maneno hayo. Baba ana watoto wawili, anaweka kipande kimoja cha nyama kwenye sahani, halafu anatoka nje na kufunga mlango.

Mkuu wa Lukande aliitwa Kazumari. Mkuu wa Msima aliitwa Mtepa. Waliingia jando moja hawa, wakauguza vidonda pamoja. Wiki ile ile wakaacha kusalimiana. Kila mmoja akapiga marufuku kwake: mtu wa mji wa pili asikanyage hapa, atatuibia siri ya tutakachompa tajiri. Dada akiolewa upande wa pili, akae huko huko.

Tajiri akafika Lukande. Mtu mpole, anaongea taratibu, anakunywa uji wenu bila kukunja uso.

"Msima wamenipa shamba bure," akasema, "na miaka kumi nisilipe ushuru. Nyie mnasemaje?"

Kazumari akasema, "Sisi tunakupa kumi na tano."

Tajiri akashukuru, akaondoka. Baada ya mwezi akarudi.

"Msima wamefika ishirini. Na wamenipa uwanja wa shule."

Kazumari akatoa ishirini na tano, na uwanja wa shule, na soko la zamani. Akinamama waliokuwa wakiuza mihogo pale wakaambiwa watafute pa kwenda. Walipolalamika, aliwajibu, "Mnataka Msima watushinde?" Wakanyamaza. Neno hilo lilikuwa limeshakuwa dawa ya kila mdomo pale mjini.

Ikaenda hivyo miaka miwili. Mwisho tajiri akaja, akakaa, akapumua kama mtu anayekuonea huruma.

"Kazumari, nakupenda, lakini Msima wamenipa mto. Nawe unipe chemchemi. Iwe yangu miaka thelathini. Watu wako watachota nikiwaruhusu. Kesho kutwa ndiyo siku ya kupiga muhuri, ule aliokupa mfalme."

Kazumari akawaza. Mji mzima unakunywa pale. Lakini akaiona barabara inakwenda Msima, hospitali inakwenda Msima, na Mtepa anapita juu ya farasi akimcheka. Akasema, "Kesho kutwa njoo. Nitapiga."

Wazee wawili watatu tu ndio waliojua. Wengine hawakuambiwa.

Basi siku ya muhuri ilipofika, alfajiri, mama yake Kazumari akafariki. Bi Sihaba, mtu mzima, amelala tu hakuamka.

Watu wakajaa. Sanda ikakatwa, maji yakachemshwa. Jua likapanda, kaburi hakuna. Majembe yameegemezwa ukutani, wanaume wa Lukande wamekaa wanayaangalia. Hakuna anayenyanyuka. Mwenyewe hajizikii.

Dada mkubwa wa Kazumari akamfuata. "Umetuma mtu Msima?"

"Sitaki mtu wa Msima hapa."

"Nakuuliza nani atamchimbia mama."

"Tutachimba wenyewe."

"Haya, shika jembe tukuone."

Akalishika. Akafika nalo mpaka mlangoni, akalirudisha ukutani. Dada yake akajitanda kanga, akashuka bondeni peke yake, marufuku au si marufuku.

Adhuhuri haijaingia, wakawaona wanakuja. Vijana wa Msima na majembe yao, nyuma yao wanawake, na Mtepa mwenyewe kwenye msafara, kainamisha kichwa. Mbele yao yupo Bi Somoe, mtani mkubwa wa marehemu, mama ambaye mdomo wake ulikuwa haufungwi na mtu.

Vijana wakaenda kuchimba. Bi Somoe akaingia ndani, akatoka amevaa kanga za marehemu, ameshika na mkongojo wake, mgongo ameupinda vile vile. Watu wakacheka, wakalia. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Kazumari.

"Wewe mtoto," akasema kwa sauti ya marehemu kabisa, "nimekuzaa, nimekubeba, umenilipa nini? Nimefika huko ninakokwenda wananiuliza, yule mwanao ndiye aliyempa tajiri miaka ishirini na uwanja wa shule? Nikaona aibu, nikajifunika sanda mpaka kichwani."

Watu wakacheka. Kazumari, kwa kuwa neno la mtani halina kesi, akajibu huku anajipangusa macho.

"Mama, mimi ningefanyaje? Nyie Msima ndio mlioanza ishirini. Na uwanja wa shule pia ni nyie."

Bi Somoe akaunyoosha mgongo. Ile sauti ya marehemu ikampotea, akaongea kwa sauti yake.

"Sisi? Sisi tulitoa mitano tu. Tukaambiwa nyie mmefika ishirini, ndipo tukapanda."

"Nyie mlianza na kumi na shamba bure."

"Kazumari, shamba hatujatoa mpaka leo."

Mtepa akasogea. Miaka miwili hawajaangaliana usoni.

"Chemchemi yenu mlimpa lini?" akauliza.

"Sijampa. Nilikuwa nampa leo. Amesema nyie mmempa mto."

Mtepa akashika kichwa. "Alinijia juzi. Akaniambia chemchemi mmeshampa, muhuri umepigwa, kiwanda kinakuja kwenu kama sitoi kivuko. Nikatoa. Nimepiga muhuri jana jioni."

Bi Somoe akakaa chini pale pale alipokuwa, na kanga za watu mwilini. Hakuna aliyelia. Mtu ukishtuka vile machozi hayaji, unabaki mdomo wazi kama uliyepigwa kofi na usiyemjua.

Wakamzika Bi Sihaba. Udongo haujakauka miguuni, Kazumari na Mtepa wakaongozana mpaka alikofikia tajiri. Walimkuta anafunga mizigo.

Kazumari akamwambia, "Leo nilikuwa nikupigie muhuri wa chemchemi. Mbona unaondoka?"

"Chemchemi ya nini?" akasema tajiri, wala hakuacha kufunga kamba. "Sikuwa na shida nayo. Nilikuwa nataka kivuko tangu siku ya kwanza. Ufuta wote unapita pale. Lakini Mtepa asingenipa kivuko bila kukuogopa wewe."

"Na kiwanda?"

"Mwenye kivuko anahitaji kiwanda cha nini? Kila gunia likivuka, nalipwa."

Mtepa akasema, "Umetudanganya."

Tajiri ndipo akainua uso. Hakukasirika, hata hakuona haya.

"Nimewadanganya miaka miwili. Na kwa miaka miwili nilikuwa naamka kila asubuhi naogopa, leo mmoja atatembea ile nusu saa amuulize mwenzake, nami nitafukuzwa. Hakutembea mtu. Hata mimi nilishangaa."

Wakaenda kwa mfalme. Mfalme akaisoma karatasi, akaugeuza muhuri huku na huku. Ulikuwa wake, aliwapa yeye mwenyewe. Akasema muhuri haufutiki. Na barabara hakuitaja tena.

Mpaka leo mtu wa Msima akitaka kuvuka mto aliozaliwa kando yake anasimama kwanza, anaomba kwa mlinzi wa tajiri. Ufuta wa Lukande nao unaozea kwenye magunia ukisubiri zamu. Chemchemi ilibaki, ndiyo, lakini chemchemi haivushi gunia.

Siku ile njiani, walipokuwa wanarudi kutoka kwa mfalme, Kazumari alimuuliza mwenzake, "Ningekuja kukuuliza, ungeniambia kweli?"

Mtepa akamgeukia.

"Ningekutukana kwanza," akasema. "Halafu ningekwambia."

Funzo: Mtu akikuletea habari za ndugu yako ili umpe kitu, usimpe kwanza. Vaa viatu vyako, nenda kamuulize ndugu yako mwenyewe, hata kama mmegombana, hata kama atakutukana mlangoni.